Kusoma Malezi ya Mtoto katika Sayansi Kimu: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Shule ya Upili

Kila mwaka hunijia mwanafunzi anayeweza kunitajia hatua zote za kumwogesha mtoto mchanga, moja baada ya nyingine, bila kukwama. Nikimpa mtoto wa bandia amshike, kichwa kinaanguka nyuma. Amesahau shingo. Hakuisahau kichwani, maana ameiandika vizuri daftarini kwamba mtoto mchanga hana nguvu za shingo. Ameisahau mkononi.

Nimefundisha Sayansi Kimu huku Pwani ya Kenya kwa muda wa kutosha kujua kwamba hilo ndilo tatizo la somo hili. Malezi ni kazi ya mikono na macho, lakini mtihani wake ni wa karatasi, basi wengi huyasoma kama wanavyosoma historia. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayetaka kuyasoma kwa mikono kwanza, kisha apate alama zake kwenye karatasi bila kuhangaika.

Hatua ya 1: Jua utapimwa wapi

Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne, malezi hayana karatasi yake peke yake. Yamo ndani ya Sayansi Kimu pamoja na upishi, ushonaji, ufuaji na usafi wa nyumba. Karatasi ni tatu: 441/1 ya nadharia, 441/2 ya ushonaji kwa vitendo, na 441/3 ya upishi kwa vitendo. Hakuna msimamizi atakayekuletea mtoto umwogeshe mbele yake. Ila mtoto huyo anapenya kila mahali.

Karatasi ya nadharia ina sehemu tatu. Sehemu A ni maswali mafupi ya alama 40. Sehemu B ni swali moja la lazima, alama 20. Sehemu C ina alama 40, nawe unachagua maswali mawili. Wanaokariri huumia katika Sehemu B, kwa sababu huja kama kisa: mama amesafiri, yaya hayupo, umebaki na mtoto, eleza utakavyofua nepi zake, utakavyosafisha poti yake, na kadhalika. Aliyewahi kufua nepi huandika tu alichokifanya. Asiyewahi huanza na "kwanza ninachukua nepi" kisha kalamu inasimama.

Kwenye upishi, kisa kinaweza kukupa mama anayenyonyesha au mtoto aliyeanza kula. Nitarudi huko mwishoni, kwa sababu pana mambo mengi.

Walioingia Gredi ya 10 kuanzia Januari 2026 wako kwenye mtaala mpya, ambako Sayansi Kimu ni somo la kuchagua katika njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. KCSE ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 inafika mwisho 2027. Kwa wa mtaala mpya, hatua zilizo hapa chini zina thamani zaidi, maana kazi za vitendo na rekodi za mwanafunzi zinahesabiwa njiani, si siku ya mwisho tu.

Hatua ya 2: Tafuta mtoto, uombe ruhusa

Unahitaji mtoto halisi wa kumtazama. Afadhali wawili: mmoja aliye chini ya mwaka, ambaye kila wiki ana jipya, na mwingine wa miaka miwili hivi, anayekataa kila kitu. Huhitaji kwenda mbali. Mtoto wa dada, wa jirani, wa mpangaji mwenzenu anatosha.

Zungumza na mama mwenyewe, wala usitume salamu. "Shikamoo shangazi. Mwalimu ametupa kazi ya kumtazama mtoto anavyokua. Naomba niwe nakuja Jumamosi saa nne, nikae na Fatuma nusu saa, nawe ukiwepo." Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Usikae na mtoto wa watu peke yako nyuma ya mlango uliofungwa, uwe msichana au mvulana. Ni kinga yake na yako. Na wavulana, nanyi mnaombwa hivyo hivyo. Nimekuwa na mvulana ambaye daftari lake la malezi lilikuwa bora kuliko yote darasani kwa sababu alikuwa akilea pacha wa dada yake kila jioni.

Usipige picha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Daftarini mwandike kwa herufi moja tu, "F, miezi 7". Na huku kwetu ukimwona amenona, usianze kushangaa kwa sauti jinsi alivyo mzito. Sema mashallah, uandike kimya kimya. Mama atakukaribisha tena.

Ukiona alama za kupigwa au mtoto anayeogopa mtu fulani kupita kawaida, usichunguze. Mwambie mwalimu wako, au piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

Hatua ya 3: Fungua daftari la kutazama

Hapa ndipo somo lilipo. Chukua daftari la mistari, gawa kila ukurasa mara mbili kwa mstari wa wima. Kushoto andika ulichoona. Kulia, ukifika nyumbani, andika maana yake.

Wanafunzi wengi huniletea hivi: "Mtoto alicheza vizuri na alikuwa na furaha." Sentensi hiyo haina kitu. Linganisha na hii:

"Saa 4:10. Ameketi bila kuegemea. Ameona kifuniko cha sufuria, amekivuta kwa mkono wa kulia, akakihamishia kushoto, akakitia mdomoni. Saa 4:14 kimeanguka nyuma ya mkeka. Ameinama kukitafuta. Hakulia."

Upande wa kulia sasa una kazi. Ameketi mwenyewe: uti wa mgongo na misuli ya kiuno imepata nguvu. Amehamisha kitu mkono kwa mkono: macho na mikono vinashirikiana. Amekitafuta kilichopotea machoni: ameanza kuelewa kwamba kitu kipo hata kama hakionekani. Hapo una ukuaji wa mwili na wa akili katika dakika nne, na ukiulizwa mtihanini utoe mfano, unao wa kwako.

Andika vitenzi, si sifa. Badala ya "mkaidi", andika alichokifanya: amesukuma kijiko mara tatu, amegeuza uso, amefunga mdomo. Pengine ameshiba tu.

Kisha linganisha na vipindi vya kawaida vya ukuaji. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likachapisha viwango vinavyotumika kliniki hadi leo. Kwa misuli mikubwa, ambayo ilifuatiliwa katika nchi hizo isipokuwa Brazil, watoto waliketi bila kushikwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Walisimama dede, bila kushika kitu, kati ya miezi 6.9 na 16.9. Walitembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Tazama upana huo! Mtoto wa miezi 14 asiyetembea bado yumo ndani ya kawaida, hata kama wa jirani alitembea akiwa na 10. Na kuna waliokuwa hawatambai kabisa: asilimia 4.3 ya watoto hao walipita hatua ya kutambaa kwa mikono na magoti, wengine wakisota kwa makalio mpaka siku wakasimama. Bibi zetu walilijua hilo, ndiyo maana Kiswahili kina neno la kutambaa na neno la kusota.

Jambo moja zaidi kuhusu daftari. Mtihani ni kwa Kiingereza, ilhali mama, bibi na mtoto wote wanazungumza Kiswahili. Weka kurasa mbili nyuma za msamiati: utosi, kitovu, kulikiza, dede, kucheua, nepi, na mbele ya kila neno andika jina lake la kitabuni. Usisubiri Kidato cha Nne.

Hatua ya 4: Mwogeshe mtoto wa lita tatu kabla ya wa kweli

Mtoto mchanga wa kawaida ana uzito wa kilo tatu na kidogo. Akizaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito mdogo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi chukua mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia wa lita 3, ujaze maji, ufunge vizuri. Jaza soksi nguo kuukuu iwe kichwa, uifunge shingoni mwa mtungi ikiwa legelege. Huyo ni mtoto wako wa mazoezi. Ni mzito kama wa kweli, kichwa chake kinaanguka kama cha kweli, na unaweza kumlowesha.

Kwanza kusanya kila kitu: beseni, taulo mbili, sabuni laini, kitambaa cha uso, nepi, nguo safi zikiwa zimefunguliwa vifungo tayari. Ukishamtia mtoto majini huendi popote, hata simu ikilia. Mimina maji baridi kwanza, kisha ya moto juu yake, ili mtoto asije kukutana na beseni la maji ya moto matupu. Pima kwa kiwiko, maana kiganja kimezoea joto na kitakudanganya. Nyuzi 37 hadi 38 ndizo zinazofaa, yaani vuguvugu unalolihisi kidogo tu.

Mkono wa kushoto upite chini ya mabega, vidole vishike kwapa la mbali, kichwa kilale kwenye kifundo cha mkono wako. Osha uso kwanza kwa maji matupu, jicho kutoka puani kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Halafu kichwa, halafu mwili, ukiingia kwenye mikunjo ya shingo, kwapa na mapaja, ambako maziwa na jasho hujificha. Sehemu za siri huwa mwisho; msichana hufutwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mkaushe kwa kumgusagusa badala ya kumsugua. Dakika tano hadi kumi zinatosha.

Rudia mara kumi na mtungi. Ya kumi na moja, muombe mama wa F umsaidie kumwogesha, yeye akimshika.

Maelezo mawili yanayopenda kuulizwa. Bafu la kwanza la mtoto hucheleweshwa saa 24 baada ya kuzaliwa, ili asipoteze joto. Na kitovu huachwa kikavu mpaka kidondoke chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Nepi ikunjwe chini yake. Kama mama amepewa hospitalini jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, hutumiwa kitovuni tu na kama alivyoelekezwa, kamwe isifike machoni. Majivu, mate, mavi ya ng'ombe na unga wa dawa usiojulikana haviwekwi. Ukimkuta bibi akivitumia, usimsute mbele ya watu. Mpe mama kijitabu cha kliniki, amwonyeshe mwenyewe.

Hatua ya 5: Nenda kliniki na mama

Omba ufuatane nao siku ya kupima uzito. Pale utaona mizani ya kuning'iniza, na utaona nesi akitia nukta kwenye mchoro wa ukuaji ndani ya kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Umri uko chini, uzito uko pembeni. Kosa la wengi ni kuangalia nukta moja na kusema "yuko sawa". Angalia mwelekeo. Mtoto wa kilo 7.4 miezi 6, 7.7 miezi 7, na 7.7 tena miezi 8, bado hajaonekana mgonjwa, lakini mstari wake umelala. Umelala kwa sababu, na kazi yako ni kuuliza: ameanza kula nini? Aliharisha? Mama amerudi kazini?

Fanya pia zoezi la kalenda ya chanjo. Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 3 Machi. Wiki 6 ni 14 Aprili, wiki 10 ni 12 Mei, wiki 14 ni 9 Juni. Wanaohesabu wiki 6 kuwa mwezi mmoja na nusu hukosea tarehe, hivyo hesabu siku. Akizaliwa hupewa BCG, ya kukinga kifua kikuu, na matone ya polio. Wiki 6, 10 na 14 hupewa polio, chanjo ya pentavalenti ambayo hukinga magonjwa matano kwa sindano moja, na ya nimonia. Chanjo ya kuharisha kwa virusi vya rota huanza wiki ya 6. Surua na rubela ni miezi 9 na tena miezi 18. Vitamini A huanza miezi 6 na kurudiwa kila miezi sita hadi miaka mitano. Baadhi ya kaunti za magharibi zina chanjo ya malaria, iliyoanza Homa Bay mnamo Septemba 2019. Ratiba huongezwa chanjo mara kwa mara, kwa hiyo nakili iliyo kwenye kijitabu kipya zaidi utakachokiona.

Vipimo viwili unaweza kuvizoea mwenyewe. Cha kwanza ni mzunguko wa mkono kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Tafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukining'inia bila kukazwa, uzungushe utepe bila kubana. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Chini ya hapo hadi 11.5 ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Cha pili ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, tazama tumbo likipanda kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kiasi. Miezi 2 hadi 12 ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Akikohoa huku anapumua hivyo, huenda ni nimonia.

Hatua ya 6: Jifunze kumlisha

Hadi miezi sita ni ziwa la mama peke yake, likianza ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Hata maji hapewi, hata Mombasa mwezi wa Februari. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Baada ya hapo huongezewa chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Miezi 6 hadi 8 ni milo 2 hadi 3 kwa siku, kuanzia vijiko viwili vitatu vya mezani na kupanda polepole hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi 9 ni milo 3 hadi 4, na kitu cha kutafuna katikati akitaka. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ni ngumu kusafisha kwenye chuchu, na kuhara kwingi huanzia pale.

Uji wake uwe mzito wa kukaa kijikoni usimwagike ukikiinamisha. Uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji, na tumbo lenyewe ni dogo kama ngumi yake. Kisha uutajirishe: kijiko cha karanga zilizosagwa laini, dagaa au omena waliosagwa, yai, parachichi lililopondwa, boga. Shirika la Afya Duniani hugawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane, ziwa la mama likiwa moja, na hutaka apate angalau matano kila siku. Chukua ulichokula jana nyumbani, uhesabu. Wengi hufika matatu.

Nina ugomvi wangu binafsi na unga wa "nafaka kumi" unaouzwa ukiwa umeshachanganywa. Mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu, vyote vikisagwa pamoja huwezi kuona kipi kilikuwa na kuvu, na mtoto akipata mzio huwezi kujua ni wa nini. Kuvu si jambo la mzaha: mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu, yaliugulisha watu 317 Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Anza na nafaka moja, uichambue mwenyewe, ongeza kitu kipya kimoja kila baada ya siku chache.

Chai ya maziwa, ambayo karibu kila nyumba humpa mtoto akilia, inazuia mwili kunyonya madini ya chuma, na akiba ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inaisha karibu na miezi sita. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Karanga nzima ni hatari ya kukaba koo mpaka apite miaka minne mitano.

Hatua ya 7: Fua nepi

Ninaipa hatua yake kwa sababu ya Sehemu B. Fua nepi nyeupe za pamba mara moja tu kwa mikono yako, ukiandika huku unafanya. Kila hatua na sababu yake, kwani alama nyingi zimo kwenye sababu.

Choo kigumu kikwanguliwe na kutiwa msalani. Suuza kwa maji baridi, maana ya moto hugandisha protini ya uchafu na doa halitoki. Loweka kwenye maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Fua kwa maji ya moto na sabuni, ukikamua na kusugua, kwani pamba nyeupe inavumilia. Chemsha. Suuza mara kadhaa mpaka maji yawe meupe, kwa sababu sabuni iliyobaki hubabua ngozi ya mtoto. Anika juani, jua huua vijidudu na kung'arisha. Piga pasi, uanike tena kidogo hewani ziishe unyevu, kunja, hifadhi.

Nguo na vichezeo nitavipita haraka. Karatasi ya ushonaji hupenda vipande vidogo, hivyo zoea kushona bibu na suruali ya mtoto: pamba laini, shingo pana, mshono usiokwaruza, bila kamba shingoni. Kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu kisiweze kupita ndani ya bomba la karatasi ya msalani. Kikipita, kitapita kooni. Chupa yenye punje za mahindi ni kayamba nzuri, kifuniko kikiwa kimegandishwa kwa gundi.

Hatua ya 8: Mtoto akiugua

Kuhara ndiko utakakoulizwa. Changanya pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, huku ananyonya na kula kama kawaida. Kama pakiti haipo wakati huo, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Usikadirie, kwani chumvi ikizidi inadhuru. Zinki hutolewa kliniki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita.

Dalili za kukimbilia hospitali uzijue usingizini: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Hatua ya 9: Karatasi ya upishi

Una dakika 30 za kupanga, kisha saa moja na robo ya kupika. Kwenye kupanga utaandika mapishi, mpangilio wa kazi, na orodha ya vyakula na vifaa. Vitabu vinaruhusiwa wakati wa kupanga, lakini huwezi kuingia jikoni na maandishi ya ziada.

Tuseme kisa kinasema dada yako ananyonyesha na ana mtoto wa miezi 18. Uandae chakula chao cha mchana na kinywaji. Umepewa mchele, ndengu zilizochemshwa, mchicha, nyanya, kitunguu, karoti, mafuta na machungwa. Kosa kubwa ni kupika vyungu viwili, cha mama na cha mtoto. Muda utakuisha na mafuta ya jiko yatapotea. Pika kimoja, utoe cha mtoto kabla ya kutia viungo vikali na chumvi, ukiponde.

Mpangilio wangu ungekuwa hivi:

Dakika 0–10: kuvaa aproni, kunawa, kukusanya na kupima, maji ya wali motoni.
10–20: kuosha mchele na kuutia, kukata kitunguu, nyanya na karoti.
20–35: kukaanga, kutia ndengu, moto mdogo. Kuosha vyombo vilivyotumika.
35–45: kuandaa meza na vyombo vya kupakulia. Kuchambua na kuosha mchicha.
45–55: kukata mchicha na kuupika dakika chache. Kutoa na kuponda cha mtoto.
55–65: kukamua machungwa, kupakua.
65–75: kuosha, kufuta, kukunja vitambaa.

Mchicha umeoshwa kabla ya kukatwa, na machungwa yamekamuliwa mwisho, kwa sababu vitamini C hupotea kwenye maji na hewani. Zima jiko mara tu chungu kinapotoka. Mtahini anaangalia matumizi ya moto na maji. Anaangalia pia kama unafuata mpangilio ulioandika, kwa hiyo usiandike usichoweza. Fanya zoezi hili nyumbani mara tatu na saa mkononi. Mara ya kwanza utachelewa kwa dakika ishirini, kama nilivyochelewa mimi nikiwa mwanafunzi, wali ukiwa na kiini na mtahini amesimama nyuma yangu.

Usitupe daftari lako baada ya mtihani. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, na ukienda kuomba kozi au kazi huko, miezi kumi ya kumtazama F ina la kusema kuliko cheti peke yake. Nakala moja mpe mama yake.

Usiku wa kuamkia upishi: kata kucha, ondoa rangi, vua pete na bangili. Weka kwenye mfuko aproni, kilemba cha kufunika nywele, vitambaa viwili vya vyombo, kimoja cha kushikia sufuria ya moto, kiberiti, na kisu chako ulichozoea, kikiwa kimenolewa.